Wadau wa Miguu Minne Katika Shamba la Ildefonsa

(Hotuba ya Mratibu Mkuu wa Mradi wa Lugha Laini kwa Mazungumzo Endelevu, aliyoisoma mbele ya wananchi wa kijiji cha Nyakagezi, huku ambako Ngara inakaribia kwisha na Biharamulo inakaribia kuanza. Mkalimani alikuwa Mama Sauda, muuza chumvi na sabuni, ambaye ukoo wao ulitoka pwani zamani ukifuata biashara, ukabaki. Sokoni ni yeye peke yake anayejua Kihangaza cha wakulima na Kisukuma cha wafugaji, maana wote wanahitaji chumvi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Waheshimiwa wajumbe mliofika. Waheshimiwa wajumbe mliotuma udhuru. Waheshimiwa wajumbe ambao hamkufika wala hamkutuma udhuru ila majina yenu nimeyakuta kwenye orodha ya chai. Katekista, unayemwakilisha Baba Paroko. Mzee Idi, unayemwakilisha Shehe. Wakulima mliokaa upande wangu wa kulia. Wafugaji mliokaa upande wangu wa kushoto. Na hiyo nafasi iliyo wazi hapo katikati yenu, yenye upana wa hatua kumi na mbili, ambayo nayo naitambua, kwa sababu katika kazi yangu hata nafasi ni mdau. Akina mama mlioketi kwenye majani. Watoto mlioko migongoni. Mbuzi wa Mwenyekiti, ambaye naona amefungwa karibu mno na karatasi zangu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu ambaye haijamzingatia, naomba ajizingatie mwenyewe tuokoe muda.

(Makofi kutoka meza kuu. Kwenye majani hakuna anayepiga, mikono imebeba watoto.)

Kwa majina naitwa Daktari Mtarajiwa Novatus. Nimesema mtarajiwa kwa sababu mimi ni mtu wa uwazi: udaktari nimeshauomba, barua imeshaondoka, kilichobaki ni wao huko kuona aibu na kujibu. Mimi ndiye Mratibu Mkuu, Mshauri Elekezi na Mtaalamu Mwandamizi wa Misamiati, na vilevile ndiye ninayekaimu nafasi hizo zote pale ninapokuwa safarini. Nimehudhuria semina arobaini na moja, warsha kumi na tisa, na kongamano moja ambalo nililifungua mimi mwenyewe kwa sababu mwenye ufunguo alichelewa. Kwa hiyo mnaponiona nimesimama kwenye vumbi lenu, jueni kwamba leo vumbi hili limebahatika.

Sasa, ndugu wadau, mradi wetu umefanya upembuzi yakinifu, tukafanya tathmini ya awali ya upembuzi, kisha tukaupembua upya ule upembuzi ili usijisikie vibaya, na matokeo yake ni ya kitaalamu sana. Tumegundua kwamba migogoro haisababishwi na ardhi. Haisababishwi na maji. Haisababishwi na mifugo. Migogoro, ndugu zangu, inasababishwa na maneno! Mtu akisema neno kali, mwenzake anashika fimbo. Lakini mtu akitumia lugha laini, shirikishi, jumuishi na mtambuka, basi hadi amalize sentensi yake mwenzake atakuwa ameshachoka na fimbo ameshaiweka chini. Huo ndio msingi wa kisayansi wa mradi huu, na mimi ndiye niliyeufikiria nikiwa naoga. Mkalimani, karibu.

(Mama Sauda anasimama, anakaza kanga yake. Anasema maneno manne ya Kihangaza kwa upande wa kulia, na matatu ya Kisukuma kwa upande wa kushoto. Anakaa.)

Mama, samahani. Mimi nimezungumza dakika saba.

(“Ndiyo, mheshimiwa. Nimewaambia umefika salama.” Kicheko pande zote mbili, kisha kila upande unagundua kwamba upande wa pili nao umecheka, kicheko kinakatika.)

Tuendelee. Nafahamu kwamba kijiji hiki kinapitia kipindi cha mtazamo tofauti. Kwa faida ya kumbukumbu naomba nieleze kilichotokea, kwa lugha iliyoidhinishwa. Wiki tatu zilizopita, wadau wa miguu minne wapatao arobaini, wakiongozwa na mdau wa miguu miwili Mzee Nshoma, walifanya ziara ya mafunzo katika shamba la Bibi Ildefonsa, mke wa Bwana Frednand, na wakiwa humo shambani walifanya tathmini shirikishi ya maharage yaliyokuwa yamebakiza siku chache kuvunwa, na tathmini hiyo iliendelea mpaka hapakuwa na kitu cha kutathminiwa.

(Mama Sauda anasimama tena. “Mheshimiwa, hapo nimekwama. Kihangaza hakina mdau wa miguu minne. Hakina hata wa miwili. Unamaanisha ng’ombe?”)

Mama, sikulitamka mimi neno hilo.

(“Haya, lakini ni ng’ombe?”)

Kwa muktadha huu, na bila kuathiri upande wowote, inawezekana.

(“Ng’ombe walikula maharage,” anatafsiri Mama Sauda, kulia kwanza, kushoto baadaye. Vichwa vya wakulima vinaitikia. Vichwa vya wafugaji vinaitikia. Ni jambo la kwanza kukubaliwa na pande zote kwa wiki tatu.)

Naomba tusikimbilie maneno ya mitaani. Baada ya ziara hiyo kulitokea ubadilishanaji wa fimbo usioratibiwa, ambapo Bwana Frednand alipata mwinuko wa muda kwenye paji la uso, na kijana mmoja wa upande wa pili akapata mwinuko kama huo kisogoni. Kufuatia hapo, wakulima waliweka mimea yenye msimamo mkali kwenye mapito ya mifugo yanayoelekea chemchemi ya bondeni, ili wadau wa miguu minne wasifike majini. Wafugaji nao, kwa moyo uleule wa ushirikiano, waliweka mimea kama hiyo kwenye njia ya akina mama inayoelekea chemchemi hiyohiyo. Kwa hiyo hivi tunavyozungumza, maji yapo, yanatiririka usiku na mchana, safi kabisa, na hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuyafikia. Kundi pekee linalonufaika ni vyura. Tumewahoji kwa kuwasikiliza, na asilimia tisini na nane wameridhika na huduma.

(Mama Sauda: “Miiba. Anasema miiba.” Kutoka kwenye majani mwanamke aitwaye Priscila anapaza sauti: “Mwambie sisi maji tunafuata kijiji cha pili! Tunatoka kuku hawajashuka, tunarudi jua limesimama! Hao vyura wake watakuja kufua nepi?” Akina mama wa wakulima wanapiga kelele za hasira. Mama Sauda anayageuza maneno hayo kwa Kisukuma. Upande wa kushoto mwanamke wa kifugaji aliyembeba mtoto mgongoni anajibu kitu kifupi. “Anasema na yeye,” anatafsiri Mama Sauda. “Kijiji hichohicho cha pili. Anasema huwa anakuona mbele yake na ndoo ya njano.”)

Nimelipokea. Suala la nepi tutaliingiza kwenye mambo mtambuka. Lakini naomba msikatishwe tamaa, kwa sababu takwimu zinatubeba. Tangu mradi ulipoingia kijijini, maneno makali baina ya wakulima na wafugaji yamepungua kwa asilimia tisini na moja nukta sita! Haijawahi kutokea! Na sababu yake, kama mtaniruhusu niwe muwazi, ni kwamba siku hizi hamsemezani kabisa. Lakini takwimu ni takwimu.

(Mbuzi anakula kona ya ukurasa wa tano.)

Mwenyekiti, mbuzi. Asante. Nilikuwa nasema. Tatizo kubwa la Nyakagezi ni msamiati. Nimeambiwa kwamba wakulima mmewaita wenzenu wavamizi. Nimeambiwa kwamba wafugaji mmewaita wenzenu watu wa kuwafungia wengine maji kama wachawi. Maneno hayo yamefungiwa kuanzia leo. Badala ya mvamizi, mtasema “mshiriki aliyewahi kabla ya mwaliko”. Badala ya mchawi wa maji, mtasema “msimamizi binafsi wa unyevu”. Msiseme fimbo, semeni “kifaa cha msisitizo”. Msiseme nimeumia, semeni “nimeshirikishwa kwa karibu”. Na asitokee mtu kusema njaa, maana neno hilo linatutia doa. Semeni “tumbo liko katika kipindi cha mpito”. Mkalimani, hayo yatafsiri neno kwa neno, ni moyo wa mradi.

(Mama Sauda anavuta pumzi. Anajaribu lile la kwanza kwa Kisukuma, anahesabu kwa vidole, anarudia. Upande wa kushoto wanaume wanaangaliana. Mzee Nshoma anasimama polepole, mkono kiunoni. Si mtu wa kusema sana. Anasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila mkalimani: “Mimi mwaliko ninaungojea kutoka wapi? Nina miaka kumi na tisa hapa. Mke wangu nimemzika hapa. Watoto watatu wamezaliwa zahanati hii hapa nyuma yako. Hiyo uliyosema ni mvamizi ileile, umeivalisha koti.”)

Mzee wangu, hoja yako imepokelewa, imesajiliwa na imeheshimiwa.

(“Bora yule aliyeniita mvamizi,” anaendelea Mzee Nshoma. “Yeye nilimwelewa, nikajua nimkasirikie nani.” Bwana Frednand, mwenye kovu dogo kwenye paji, anainamisha uso. Mke wake anamtazama. Anasimama. “Ni mimi,” anasema Frednand. “Nililisema. Lakini, mzee, neno lile lilitoka na uvimbe. Uvimbe umeshashuka.” Watu wanacheka, safari hii hawajikatizi.)

Bwana Frednand, tafadhali, “mwinuko wa muda”. Sasa naomba nifike kwenye sehemu ambayo hata mimi mwenyewe huwa inanitoa machozi, yaani mafanikio. Mafanikio makubwa ya mradi katika kijiji hiki ni bango. Wengi mmeliona, pale njia ya bondeni inapoanzia. Hapo awali palikuwa na kibao cha mbao kimeandikwa kwa mkono kwa rangi nyekundu: NJIA YA NG’OMBE. Niambieni ninyi wenyewe, hiyo ni lugha gani? Kikavu! Kikali! Kinamtaja mnyama moja kwa moja, bila utangulizi! Mkulima akikisoma anakasirika, mfugaji akikisoma anajivuna. Mimi binafsi, mwezi wa pili mwaka huu, kwa mikono hii, niliking’oa. Nikasimika bango la bati lenye maneno matano yaliyofanyiwa kazi kwa weledi wa hali ya juu: UKANDA RAFIKI WA MWINGILIANO JUMUISHI.

(Anangoja makofi. Hayaji. Mama Sauda hatafsiri. Amegeuka anamwangalia. “Mheshimiwa, ndicho kilichoandikwa pale?” “Ndicho.” “Maana yake njia ya ng’ombe?” “Maana yake inaelea, mama. Ndiyo uzuri wake.” Mama Sauda anawageukia wakulima, anawauliza kwa Kihangaza, kisha anauliza tena kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: “Ninyi mliposoma pale mlielewa nini?”)

Mkalimani, kazi yako ni kutafsiri, siyo kufanya utafiti.

(Ildefonsa anasimama. Ni mwembamba, mtoto wake Anjelika amelala mgongoni, kichwa kimeangukia upande. “Mimi nilisoma, niliishia darasa la saba lakini nilisoma. Nikaona rafiki. Nikaona jumuishi. Mwaka jana walipita watu wa vikundi wakatuambia jumuishi ni sisi akina mama na watoto. Nikajua ni eneo tumepewa. Mvua ilikuwa inaanza, njia ilikuwa imeota majani, hakuna aliyekuwa anapita. Nikalima. Nilipanda maharage mpaka karibu na nguzo ya bango, nikaacha hatua moja ili nisiliharibu.”)

Hii inaonyesha jinsi bango lilivyopokelewa vizuri na jamii. Naomba mwandishi wa kumbukumbu aandike.

(Hakuna mwandishi wa kumbukumbu. Mama Sauda anayapeleka maneno ya Ildefonsa upande wa kushoto, safari hii neno kwa neno, haachi hata lile la hatua moja. Mzee Nshoma anasikiliza hadi mwisho. Kisha anaongea kwa Kisukuma, taratibu, na Mama Sauda anamfuata nyuma: “Anasema yeye hakusoma shule, bango aliliona ni bati tu. Anasema masika ng’ombe wake wanakunywa bwawani. Bwawa lilipokauka akarudi kwenye njia yake, ileile ya miaka yote. Akakuta maharage katikati ya njia. Akasema moyoni, hawa wametulimia njia makusudi tuhame. Anasema ng’ombe hakuwapeleka, ila… anasema hakuwazuia.”)

Ndugu wananchi, naona mjadala unakwenda nje ya fremu ya mradi. Wakati huu kwenye ratiba yangu ni wakati wa mimi kueleza awamu.

(“Kumbe hukujua,” anasema Ildefonsa. Anamtazama Mzee Nshoma, siyo Mratibu.)

Awamu ya kwanza ni kujengeana uwezo. Tutachagua wadau thelathini waende Rusumo kwa warsha ya siku tano, katika ukumbi ulio karibu na maporomoko, kwa sababu utafiti umeonyesha kwamba kelele za maji huwafanya wajumbe wasisikilizane, na wasiposikilizana hawagombani. Baada ya hapo kutakuwa na ziara ya kubadilishana uzoefu, wakulima wa Mugoma waende Kaniha wakaone wakulima, na wakulima wa Kaniha waje Mugoma wakaone kwamba wenyeji wao wamekwenda Kaniha.

(Ildefonsa anaanza kutembea. Anaingia kwenye ile nafasi ya hatua kumi na mbili, ambayo toka asubuhi hakuna aliyeikanyaga zaidi ya kuku. Hata wale waliokuwa wanamenya karanga wanaacha. Anafika mbele ya Mzee Nshoma. Anapiga goti kidogo, kadiri mtoto wa mgongoni anavyomruhusu.

“Shikamoo, baba.”

Wiki tatu wamepishana njiani kama watu wasiojuana. Mzee Nshoma anaangalia chini, anaangalia fimbo yake, anaangalia kichwa cha mtoto kilicholala.

“Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?”

“Hajambo. Anaota meno.”

“Basi usiku analia sana.”

“Ndiyo, baba. Na mimi nalia naye.”)

Naomba tahadhari! Neno “baba” bado halijapitishwa na kamati ya ufundi! Liko kwenye mapitio pamoja na “mwanangu”! Tusiwahishe mambo! Kuna athari za kimaana ambazo hamzijui ninyi!

(Hakuna anayegeuka. Mama Sauda ameshafika katikati, yuko baina yao, anageuza shingo huku na huku. Mzee Nshoma anasema, yeye anafikisha: “Anasema maharage hawezi kuyarudisha, yameshakuwa samadi. Lakini samadi anayo, zizi limejaa. Anasema mwonyeshe eneo jingine, pale chini kwenye unyevu, vijana wake watakuletea samadi kabla ya kiangazi kukaza, ili upande tena.” Frednand amekuja amesimama nyuma ya mke wake. “Na njia?” anauliza. “Njia ni ya ng’ombe,” anajibu Ildefonsa kabla ya mkalimani. “Ilikuwa ya ng’ombe tangu nimeolewa hapa. Mimi ningejua nisingepanda hata shina moja.” Mzee Nshoma anaongeza kitu. Mama Sauda anatabasamu. “Anasema mpaka hayo mengine yaive, kila asubuhi kutakuwa na kibuyu cha maziwa mlangoni kwako. Siyo cha kulipa. Anasema ni cha huyu anayeota meno.”)

Awamu ya pili, ndugu zangu, awamu ya pili! Kamusi! Tutachapisha kamusi ya kurasa mia sita ya maneno yote laini, na kila kaya itapewa nakala, ili mtu kabla hajamjibu jirani yake apate muda wa kupekua. Mnanisikia huko nyuma? Mbona mnasimama?

(Wanasimama kweli. “Miiba ya upande wetu tunaitoa sisi,” anasema Frednand. “Ya upande wetu tunaitoa sisi,” anajibu kijana mwenye kovu kisogoni, kwa Kiswahili, na kumpungia mkono kwa aibu. “Panga langu liko nyumbani.” “Njoo uchukue la kwangu.” “La kwako ndilo nililokuwa naliogopa.” Priscila ameshakwenda kumtafuta yule mama wa kifugaji, anamwonyesha ndoo ya njano, wanacheka kwa ishara. Mzee mmoja anauliza kile kibao cha zamani kiko wapi. Mwenyekiti anakohoa na kukiri kwamba ndicho mlango wa banda lake la kuku. “Kuku watapata mlango mwingine,” anasema mkewe.)

Ndugu wananchi! Hotuba bado! Nimebakiza kurasa kumi na mbili, ukiacha ule uliotafunwa! Maamuzi yanayofanyika hapo katikati hayana baraka za mradi! Hayana viashiria! Hayana hata mpango kazi! Mnawezaje kupatana kwa maneno ambayo kila mtu anayaelewa? Nani atatuhitaji sisi?

(Wanateremka bondeni, wa kulia kwa njia yao na wa kushoto kwa njia yao, lakini sauti zao zimeshachanganyika. Kwenye majani zinabaki kanga mbili zilizosahauliwa. Kwenye meza kuu wamebaki Katekista, kwa adabu, na mbuzi.)

Haya. Basi kwa heshima ya waliobaki naomba tupige kauli mbiu. Nikisema Lugha Laini, mtajibu Maendeleo Magumu… hapana, samahani, karani alikosea, mtajibu Maendeleo Endelevu. Lugha Laini!

(“Endelevu,” anasema Katekista.)

Maneno Makali!

(“Tuyatafakari,” anasema Katekista, kwa kubahatisha.)

Nyakagezi Jumuishi!

(Katekista anaomba radhi. Anasema akina mama watahitaji mtu wa kuwanyanyulia matawi ya miiba, anashuka mbiombio huku amekunja mikono ya shati.)

Asante sana. Kwa kumalizia, kwa kuwa sasa tuko faragha, mimi na wewe mbuzi, natoa shukrani za dhati kwa wote waliofanikisha mradi huu. Namshukuru mfadhili, ambaye bado hajapatikana, ila sura yake naiona. Naishukuru kamati ya ufundi ya wataalamu kumi na wawili, ambao wote ni mimi, kwa nyakati tofauti. Naishukuru ofisi yetu, ambayo ni begi hili. Naishukuru kamusi, ambayo ina maneno tisa mpaka sasa, na mbuzi, wewe ndiye umekula ukurasa ulioyabeba. Kiuhalisia mradi haujaanza. Kiuhalisia zaidi, haupo. Kuna andiko tu, nililiandika nikaambiwa linahitaji picha ya kazi iliyofanyika, nikatengeneza bango moja nije nilipigie picha, na siku ile simu ikaisha chaji. Nikaliacha pale. Sikujua kuna mtu atalisoma. Sikujua kuna mtu ataliamini mpaka apande maharage.

(Anakaa kwenye kiti cha Mwenyekiti. Maikrofoni aliyoisemea tangu asubuhi bado inawaka, sauti inashuka hadi bondeni. Kutoka bondeni zinapanda sauti za mapanga, matawi yanayoburutwa, na mtoto aliyeamka.)

Mama Sauda, kama unanisikia huko, naomba uwatafsirie hili la mwisho. Nimesema tangu asubuhi. Nina kiu. Naomba maji.

(Mama Sauda anajibu kwa kupaza sauti kutoka chini, ndani ya vicheko vya watu: “Hilo halihitaji mkalimani, mheshimiwa! Shuka uje unywe!”)